Barua ya Kufungia Mota

Mamba, Same
9 Februari 2025

Mwanangu Hedwiga,

Pokea salamu kutoka huku kwenye ukungu. Sisi ni wazima. Kifua cha mama yako mdogo kimetulia na amerudi kuongoza kwaya ya akina mama. Mfereji wetu una maji kidogo sana mwaka huu, lakini tangawizi ya shamba la chini imetupatia kitu, tunaichimba polepole. Mbuzi mweupe amekufa, alikula mfuko wa nailoni. Ndiyo hasara yetu kubwa ya mwaka mpya, tumshukuru Mungu.

Jambo lenyewe ni hili. Ile pikipiki yangu ya umeme imesimama. Nilikuwa napandisha viroba viwili kutoka shamba la chini, nilipofika ule mlima wa kanisani nikasikia harufu kama ya kandambili iliyoangukia jikoni, kisha ikanyamaza. Salehe, fundi wa bodaboda wa Same, alipanda akaitazama. Alisema mota iliyo ndani ya gurudumu la nyuma imeungua na inatakiwa nyingine. Yeye mambo ya injini anayaweza, ya umeme hayagusi. Nikamwambia asihangaike, fundi wa hizi ninaye, nimemlea mwenyewe.

Naomba unitafutie mota hiyo, namba nimeinakili nyuma ya karatasi hii. Nataka niifunge hapa hapa uani. Usinielekeze kwa simu, maana nikishika simu sishiki spana, na nikishaikata nimesahau. Niandikie kwenye karatasi. Macho yangu unayajua, mama yako mdogo atanisomea mstari kwa mstari nami nitatenda.

Watu bado wanakuulizia tangu ile ibada ya shukrani, mchungaji alipokusimamisha mbele na kutangaza kwamba usharika wetu umepata fundi wa pikipiki za umeme, tena binti. Mimi huwa najifanya sisikii, lakini nasikia.

Baba yako mdogo,
Zebedayo

Mimi Ernesta naongeza mstari wangu kama kawaida. Unakula? Ile picha uliyotuma uso ulikuwa mwembamba.

*

Tabata, Dar es Salaam
2 Machi 2025

Baba Mdogo, shikamoo. Na Mama Mdogo, shikamoo.

Mimi sijambo. Huku joto ni kali, usiku mtu anageuza mto mara tatu. Mwambie Mama Mdogo nakula, ni picha tu ilipigwa vibaya. Pole kwa mbuzi.

Mota nimeipata dukani kwetu, namba zinalingana. Imekuja ikiwa ndani ya gurudumu lake kamili, nimeikabidhi kwenye basi pamoja na barua hii. Sasa msikilize Mama Mdogo akisoma.

Kwanza zima swichi, toa betri kabisa, iweke ndani ya nyumba mbali na kazi. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa. Kabla ya kuchomoa waya wowote, chora kwenye karatasi ulivyokaa. Utaona nyaya nene tatu, ya njano, ya kijani na ya bluu. Hizo ni za nguvu. Pembeni yake kuna plagi ndogo yenye nyaya nyembamba, inaingia upande mmoja tu, ikikataa usiilazimishe. Ukishachomoa zote, legeza breki, fungua nati mbili za ekseli, moja kila upande, kisha vuta gurudumu nyuma litoke.

Gurudumu jipya liingie lilipotoka lile la zamani. Kaza nati zote mbili mpaka mkono ukatae. Unganisha nyaya rangi kwa rangi, zungushia utepe wa umeme. Rudisha betri, na kabla ya kushusha pikipiki chini, washa na uzungushe mkono wa moto, ule wa kuongezea mwendo, kidogo sana gurudumu likiwa hewani. Likienda mbele, umemaliza. Likirudi nyuma, zima na uniandikie.

Tafadhali usinipigie mchana ukiwa na swali. Kazini hawapendi tuongee na simu.

Wenu,
Hedwiga

*

Mamba, Same
30 Machi 2025

Mwanangu Hedwiga,

Marahaba, na marahaba ya mama yako mdogo iko hapa hapa. Mvua imeanza, barabara ya chini imeteleza lakini inapitika. Shemasi wetu amehamishwa. Tumepanda maharage.

Imewaka. Nakuandikia nikiwa na grisi kwenye kucha na mama yako mdogo ananikataza kushika karatasi. Tulianza asubuhi baada ya chai. Yeye alikaa juu ya kigoda na barua yako, akisoma kama anasoma somo la Jumapili, na hakunikubalia kwenda mstari wa pili kabla hajaona mwenyewe wa kwanza umetimia. Nati ya kushoto ilikuwa na kutu, ilinitoa jasho. Tulipozungusha mkono wa moto, gurudumu likaenda mbele kimya kimya, jirani Agatha aliyekuwa akichungulia kwenye ua akapiga makofi. Nilikaa chini kwenye matope nikacheka peke yangu.

Wenzangu wawili wa kikundi cha tangawizi wenye pikipiki kama hii wanataka niwafungie na wao siku zao zikifika. Nimewaambia wangoje nipate neno lako.

Swali dogo. Ndani ya boksi vimebaki vipande viwili vya chuma, kama pete nene, kila kimoja kina jino upande. Barua yako haikuvitaja. Nimeviweka kwenye kopo la misumari. Niambie ni vya nini.

Wako anayejivuna,
Zebedayo

Mstari wangu: kila neno nililisoma mara mbili, hatukuruka hata moja. Ernesta.

*

Tabata
9 Aprili 2025

Baba Mdogo, shikamoo, na Mama Mdogo pia.

Nimefurahi kwamba imewaka. Samahani kwa ufupi wa barua, kazi zimetubana kabla ya Pasaka.

Vile vipande endelea kuvihifadhi, nitakueleza. Kwa sasa naomba usibebe mzigo mzito mpaka mota izoee, na msipakizane kwenye mlima. Wale wenzako waambie wangoje kwanza.

Nitaandika zaidi.

Hedwiga

*

Mamba, Same
25 Mei 2025

Hedwiga,

Tunakusalimu. Natumaini u mzima. Ulipiga simu nyingi wakati wa Pasaka, simu yangu ilianguka ikapasuka kioo, sasa imepona kidogo.

Barua yako ya Aprili niliikuta kwenye ofisi ya mabasi Same Jumatatu ya wiki ya mateso. Nilikuwa nimeshuka kwa shughuli nyingine. Ilifika Ijumaa, hakukuwa na mtu wa kuipandisha.

Mvua zilikuwa nzuri. Maharage yametoka sawa. Tangawizi nabeba kichwani kwa sasa, kidogo kidogo, na Agatha ananisaidia siku moja moja. Pikipiki imepumzika. Kwaya ya akina mama imepata mwongozaji wa muda.

Mama yako mdogo anakusalimu. Usiwe na wasiwasi.

Zebedayo

*

Tabata
22 Juni 2025

Baba Mdogo, shikamoo.

Natumaini barua hii inawakuta salama, ingawa najua haiwakuti salama. Mimi mwili ni mzima.

Barua yako niliigeuza nyuma na mbele nikitafuta mstari wa Mama Mdogo. Tangu nimeondoka nyumbani hajawahi kuniacha bila mstari wake, hata alipokuwa na malaria alichora msalaba mdogo. Nikampigia Agatha. Aliniambia Mama Mdogo aliruka kutoka kwenye pikipiki kwa woga mlimani, akavunjika mguu. Alisema mtaa mzima unajua aliruka. Nilimsikia akijizuia kucheka.

Mama Mdogo hakuruka. Najua, kwa sababu naijua sasa kazi ya zile pete mbili. Jino lake linaingia kwenye fremu na kuizuia ekseli isijizungushe. Bila pete, siku mota ikivuta kwa nguvu zote, ekseli inazunguka yenyewe, inazilegeza nati na kuzisokota nyaya mpaka zikatike. Hayo nilipaswa kuyaandika na sikuyaandika, kwa kuwa nilikuwa siyajui.

Mimi si fundi, Baba Mdogo. Kozi ya umeme niliianza, nikaanguka mtihani wa pili, nikaona haya kurudia. Nilipoitwa nyumbani kwa ibada ya shukrani nilikuwa nimeshaacha miezi miwili. Nilitaka kukwambia tulipokuwa tunaelekea kanisani, lakini ulikuwa umevaa lile koti la harusi yako. Hapa dukani naandika risiti. Kati ya kaunta na gereji kuna kidirisha, nawaona mafundi wakifanya kazi, na yale niliyokuandikia ni yale niliyoyaona kupitia kidirisha. Pete wanazifunga wakiwa wamenipa mgongo.

Nimekuwa nikiona aibu tangu siku mchungaji aliponisimamisha mbele. Nilidhani aibu ni hiyo. Kumbe ile ilikuwa ndogo.

Sithubutu kuuliza mguu unaendeleaje. Lakini nauliza.

Hedwiga

*

Mamba, Same
17 Agosti 2025

Mwanangu Hedwiga,

Marahaba. Huku ni baridi kali, asubuhi tunaota moto mpaka jua litokee. Mama yako mdogo anatembea kwa mkongojo mmoja, ameacha ule wa pili mwezi huu. Nimechelewa kukujibu kwa makusudi. Nilitaka nikijibu niwe na jambo la kusema.

Nikueleze kilichotokea, maana Agatha hakujua. Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na mbili Aprili. Mama yako mdogo alikuwa anawahi mazoezi ya kwaya, mimi nilikuwa na kiroba kimoja. Nikamwambia apande. Alisita kidogo, akapanda. Tulipofika kwenye mlima wa kanisani niliongeza moto, nikasikia mlio kama mtu anavunja muwa, mkono wa moto ukawa hauna kitu. Gurudumu la nyuma likakaa upande. Tukaanza kurudi kinyumenyume, breki ya mbele haikutushika, tukaingia kwenye mawe ya mfereji. Mimi niliangukia kiroba. Yeye alianguka chini ya pikipiki. Mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili. Tulimshusha Same kwa gari la kubeba mbao, akalazwa majuma matatu.

Watu walifika upesi, wengi wao watu wa kwaya. Wakauliza imekuwaje. Mimi nikaangalia ile pikipiki ambayo majuma mawili nilikuwa nimejisifu nayo kila mahali, nikakumbuka nilivyokutaja, nikasema, "Ameogopa mlima, ameruka." Nilisema mama yako mdogo akiwa amelala palepale anasikia. Alifumbua macho akanitazama, kisha akafumba tena. Nilidhani ni maumivu.

Neno lenyewe likatembea haraka kuliko mimi. Akina mama waliokuja kumtazama hospitali walimtania, wifi, ulidhani unaruka ngazi ya madhabahu? Yeye alinyamaza. Aliporudi nyumbani aliendelea kunyamaza, kwangu mimi tu. Akitaka maji alimwomba Agatha kupitia dirishani, na mimi nikiwa nimekaa mlangoni. Nilijiambia ninalinda jina lako. Ni uongo, nililinda la kwangu.

Tena kuna jambo ambalo wewe hulijui. Siku ile ya kufunga mota, aliziona zile pete kabla yangu. Aliniambia, "Hata gurudumu la zamani linazo, tazama, zimeshikwa na kutu." Nikamjibu kwamba asome alichoandikiwa. Akasema labda umesahau. Nikasema fundi hasahau. Kwa hiyo usijibebeshe lote. Alinionya mtu aliyekuwa na macho, nikamfuata aliyekuwa mbali kwa sababu mimi ndiye niliyemtangaza.

Barua yako ya Juni ilifika, na kama unavyojua mimi siwezi kusoma mwandiko wako bila yeye. Nikampa. Aliisoma yote kwa sauti ileile ya siku zote, hakuruka hata pale pa Agatha kujizuia kucheka. Alipomaliza aliikunja akaniambia neno la kwanza tangu Aprili. Alisema, "Huyu ameandika. Wewe je?"

Nilizunguka na neno hilo majuma sita. Nilikwenda kwa mchungaji mara mbili nikaishia kumsaidia kufunga mabati. Jumapili iliyopita, wakati wa matangazo, nilisimama. Nilisema kwamba mke wangu hakuruka, kwamba pikipiki niliifunga vibaya baada ya yeye kunionya, na kwamba nilimsingizia mbele ya watu akiwa amevunjika. Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Mzee mmoja wa kanisa alikohoa, mchungaji akasema tuimbe, na hakuna aliyeanzisha wimbo kwa muda, maana mwenye kuanzisha alikuwa ameketi benchi la nyuma na mkongojo wake. Kisha akaanzisha mwenyewe, akiwa amekaa.

Tuliporudi alitembea mbele, mimi nyuma na kibegi chake cha Biblia. Hakunipa mkono kwenye mteremko. Mbele ya mlango alisema, "Miezi minne, Zebedayo." Akaingia. Lakini jioni aliniwekea makande kwenye sahani, hakuniachia kwenye sufuria kama alivyozoea tangu arudi kutoka hospitali.

Mambo yako ya kozi sikuyasema kanisani. Hayo ni yako. Wale wenzangu wawili nimewaambia wapeleke pikipiki zao kwa fundi wa kweli, wakatafute hata Moshi. Yangu iko chini ya paa la zizi.

Mama yako mdogo amesoma barua hii kabla sijaifunga na hakunisahihisha. Hakutaka kuongeza mstari. Anasema tangu uondoke unaandika "Baba Mdogo" juu ya bahasha na kumtupia salamu ndani, na kwamba safari hii, kama una neno lake, uandike jina lake.

Zebedayo

*

Tabata
31 Agosti 2025

Kwa Mama Mdogo Ernesta,

Shikamoo Mama.

Sina habari nyingi za huku. Mvua hakuna. Nimehamia chumba kidogo zaidi, kina dirisha. Nilimweleza fundi Rodgers wa gereji yetu ukweli kuhusu kozi yangu, akaniambia alikuwa akijua siku zote, na kwamba nikitaka kujifunza nianze kwa kuosha magurudumu. Naosha magurudumu kila siku baada ya kufunga kaunta.

Katika barua ya Juni nilimwandikia Baba Mdogo kwamba nilikuwa siyajui mambo ya zile pete. Ni kweli, nilipoandika maelezo nilikuwa siyajui. Lakini sikuandika lini nilikuja kuyajua, na nililiacha hilo kwa makusudi.

Barua yenu ya kusema imewaka ilinifikia Jumatatu, tarehe saba Aprili. Kesho yake, Jumanne, nilimuuliza Rodgers kuhusu vipande viwili vyenye jino vilivyobaki kwenye boksi. Aliacha alichokuwa anafanya. Akauliza, "Nani amefunga bila hizo? Mwambie asiipande, hata kwenda dukani." Nikasema ni mteja mmoja wa mkoani. Akasema, "Basi mpigie sasa hivi."

Simu nilikuwa nayo mkononi, Mama. Namba yako ni ya kwanza kwenye simu yangu. Lakini nilifikiri kwamba nikipiga utapokea wewe, utaniuliza kwa nini sikuzitaja, na sauti yako ikiniuliza mimi siwezi kudanganya. Kwenye karatasi ninaweza. Kwa hiyo nikaandika. Nikaandika mota izoee. Hakuna kitu kama hicho, mota haizoei. Nikaipeleka kwenye basi Alhamisi, nikajiambia nimeshawaonya.

Nilijua Jumanne. Mlianguka Jumamosi. Katikati kuna siku tatu nzima, na kila siku nilikula, nililala, niliandika risiti za watu.

Baba Mdogo aliposema uliruka, alisema palepale, bila kufikiri, akiwa ametoka kuanguka. Mimi nilipata muda wa kufikiri. Kwa hiyo ukipima makosa yetu mawili usiyaweke pamoja.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, kwa kile kitabu cha nyimbo kisicho na jalada, ukinifunika mistari ya mbele kwa kiganja ili nisiruke. Umesoma barua zangu zote kwa sauti ukiamini kila neno. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nimeomba ruhusa ya mwezi mmoja. Nitafika Same Ijumaa tarehe kumi na mbili Septemba, na Jumamosi nitapanda na gari la kwanza. Jumapili, mchungaji akinipa nafasi kwenye matangazo, nitasema mbele ya wale walionishangilia kwamba mimi si fundi, na nitayataja haya ya siku tatu. Pikipiki sitaigusa. Nitachota maji, nitachimba tangawizi, na nitafanya yale ambayo mguu wako umekuzuia, kwa siku zote utakazoniruhusu.

Sikuombi unijibu. Basi litafika mapema kuliko barua yako. Nitabisha mlango wa mbele, si wa jikoni, na nitasema jina langu. Usipofungua, nitakwenda kulala kwa Agatha, na asubuhi yake nitabisha tena.

Ni mimi,
Hedwiga